Kipindi cha Kwanza, Bila Picha

Kompyuta niliinunua kwa pesa ya mnada wa tatu,
korosho za baba, malipo yaliyokuja yamechoka.
Imetumika. Kona moja imemeguka.
Ndani hakuna Windows, kuna Linux,
na juu ya kifuniko pengwini amebandikwa
kama stika ya chama kilichoshindwa uchaguzi.

Hokororo, fundi simu, aliigeuza mara mbili.
"Mdogo wangu, umeuziwa daftari.
Hii ya kuandikia barua. Gemu humu haikai."
Aliyasema kama mtu anayeapa mvua hainyeshi
kwa kuwa ameshaanika makopa.

Somoe hakujibu.
Alifungua kile kidirisha cheusi
akaandika amri kwa kidole kimoja,
herufi ndogondogo,
kama anayechagua kokoto kwenye choroko.

Julai hiyo Newala ukungu uliingia mpaka dukani,
ukakaa kwenye benchi la wateja.
Sisi na makoti. Gemu ya mpira
ilishuka siku nne, kwa bando la usiku,
Bakiri akichangia mia tano na manung'uniko ya elfu mbili.
Siku ya tano tukabonyeza.

Sauti ikaja.
Picha, hakuna.

Umewahi kusimama ukingoni pa Shimo la Mungu
alfajiri, bonde lote limejaa ukungu?
Unajua Ruvuma iko huko chini,
unajua ng'ambo ni Msumbiji,
na huoni hata kidole chako cha mguu.
Basi chukua weupe ule, uupake masizi.

Bakiri alisema kadi ya picha haina dereva.
"Dereva wa nini," akauliza Nambole, miaka tisa,
"na gari lenyewe hamna?"
Hokororo: "Nilisema."
Somoe: "Subiri."
Nchi hii imejengwa kwa maneno hayo mawili.

Ndipo umeme ukakatika.
Gesi inatoka mkoani kwetu, hilo wote tunalijua,
siku hizi hakuna anayejisumbua kulitamka.
Betri ilikuwa na asilimia thelathini na moja.
Nambole akashika padi.

Akacheza kwa masikio.
Mpira ukigongwa, ni pasi.
Uwanja ukiguna, tumekosa.
Filimbi: sijui sisi, sijui wao.
Hokororo aliacha simu ya mtu tumbo wazi mezani
akaja kuinamia spika, "Kulia! Peleka kulia!"
kana kwamba giza lina kulia.

Mara watu elfu hamsini wakalipuka mle ndani.
Goli!
Tulikumbatiana. Bakiri alipanda kiti.
Mama muuza chapati alichungulia,
akaona watu wazima wakilia kwa furaha
mbele ya kioo cheusi,
akarudi kwenye kikaango chake bila neno.

Somoe peke yake alikuwa bado anasoma,
simu mkononi, ile amri mstari kwa mstari.
Akasema, polepole, "Kumbe ni nafasi."
Nafasi moja, kati ya neno na neno,
haikuwekwa.
Akafunga, akaiweka, akafungua, mechi ikaendelea.

Nyasi zikaja kwanza, kijani cha kuumiza macho.
Kisha wachezaji, wakitembea mmoja mmoja
kama wanaotoka mazikoni.
Kisha, pale juu, matokeo:
sisi sifuri, wao moja.

Tulinyamaza.
"Ile picha," alisema Nambole, "inaweza kuzimwa?"
Hokororo akacheka mpaka akakohoa,
halafu akauliza, kwa sauti ya chini,
kama gemu ya magari nayo ingekaa humu.

Betri ikafa hapo hapo.
Somoe akaokota chaki, akaiandika amri ukutani,
chini ya orodha ya wanaodaiwa vocha,
isisahaulike,
na ile nafasi akaizungushia duara.

Mpaka leo wateja huuliza
lile duara tupu ni deni la nani.